Minana na Kekeo katika Mchikichi wa Uani

Waheshimiwa walimu, wazazi na vijana, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Uganda ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege, na wageni hutoka mbali kwenda msitu wa Bwindi na kinamasi cha Mabamba kuwatazama. Lakini leo ninawaomba mwangalie mchikichi mmoja tu wa nyuma ya nyumba, ule ambao wengi wenu hapa Entebbe mngependa kuukata kwa sababu ya kelele za minana, ndege wanaosuka viota vyao.

Mnana dume, mwenye kichwa cheusi, mwili wa manjano na jicho jekundu, hung'ata ukingo wa jani kisha huruka nao, likachanika utepe mrefu. Kwa tepe hizo husuka kwanza pete, husimama ndani yake, na kutoka hapo hujenga chumba kumzunguka. Kiota kikiwa bado kibichi, huning'inia kichwa chini mlangoni akipigapiga mbawa ili jike aje. Jike huingia na kuzivutavuta nyuzi za ndani kwa mdomo. Asiporidhika huenda zake, na kiota kikikauka bila mpangaji, dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya.

Kelele zikipanda ghafla, na minana kadhaa wakamkimbiza ndege mdogo mwenye mgongo wa kijani unaometameta, huyo ni kekeo. Kekeo hajengi kiota. Jike hujipenyeza na kutaga katika kiota cha mnana, na kinda lake likianguliwa huwasukuma nje watoto wa mwenye nyumba, likalishwa peke yake. Hata hivyo, mnana ana kinga ambayo mimi naistaajabia kuliko ufundi wake wa kusuka: kila jike hutaga mayai ya sura ile ile maisha yake yote, yawe meupe au ya buluu, yenye madoa au yasiyo nayo, ilhali ya jirani yake ni tofauti kabisa, hivyo yai geni hutambulika na kutupwa.

Ushahidi mzito zaidi kwamba kinga hii inatokana na kekeo unatoka nje ya Uganda. Minana hawa walipelekwa Mauritius mwaka 1886, ambako kekeo huyu hayupo. Mtafiti David Lahti alionyesha mwaka 2005 kwamba huko mayai ya jike mmoja hayafanani tena kwa kiwango kile cha minana wa Afrika walikotoka, na tofauti kati ya jike na jike imepungua.

Kwa hiyo, vijana, wiki hii andikeni daftarini ni nani aliyemkimbiza kekeo, dume au jike, na kama majirani waliungana naye. Tutaanzia hapo tukikutana tena.