Kazi Ilipohama Chicago

BARAKA: Msikilizaji, karibu tena. Leo tunaizungumzia Chicago, mji wa Marekani, na jinsi kazi zilivyowavuta Weusi kuja na zilivyowafanya waondoke. Dada Rehema, umekesha na takwimu za sensa.

REHEMA: Nimekesha kweli, kaka Baraka. Sikiliza: mwaka 1910 Weusi wa Chicago walikuwa kama 44,000. Kufika 1980, karibu milioni 1.2. Sensa ya 2020 imewakuta hawafiki 800,000.

BARAKA: Kwanza walifuata nini?

REHEMA: Walifuata mshahara, na walikimbia majimbo ya Kusini mwa Marekani. Kule unalima pamba kwenye shamba la mtu, mavuno yakipimwa unaambiwa bado unadaiwa. Na ukijibu vibaya unaweza kuuawa na kundi la watu, bila kesi. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokata wahamiaji wa Ulaya, viwanda vya Chicago vikakosa watu. Gazeti la Chicago Defender la Robert Abbott likawa linawaita waje.

BARAKA: Na lilifikaje huko? Wahudumu wa mabehewa ya kulala ya Pullman, Weusi wenyewe, walilibeba kwenye treni na kuligawa njiani. Mtu anayemtandikia abiria kitanda ndiye alikuwa anapeleka habari za kuhama! Hao hao wakaunda chama chao cha wafanyakazi 1925, wakapambana miaka 12 mpaka kampuni ikasaini mkataba. Nawaheshimu mno.

REHEMA: Kazi zenyewe zilikuwa ngumu: machinjio ya Union Stock Yards, matanuri ya chuma upande wa kusini. Lakini mtu aliweza kununua nyumba na kusomesha.

BARAKA: Halafu zikaanza kufungwa.

REHEMA: Machinjio 1971. Ila kinachoniuma zaidi ni kiwanda cha chuma cha Wisconsin Steel, Machi 1980. Kilifungwa ghafla, watu zaidi ya 3,000 wakabaki nje. Wanapeleka benki hundi za mshahara wa mwisho, zinarudishwa: hakuna fedha. Yaani umeshafanya kazi, jasho limeshatoka! Mfanyakazi mwenzao, Frank Lumpkin, aliwaongoza kudai haki zao kwa miaka 17 hivi.

BARAKA: Miaka 17!

REHEMA: Na South Works, kiwanda cha chuma kikubwa kuliko hicho, kikafungwa 1992. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Weusi wanaondoka Chicago kwa sababu ya bunduki tu, namwambia hapana. Bunduki zipo na watu wanaziogopa, ni kweli. Lakini kazi ilitangulia kuondoka. Na mwaka 2013 mji ukafunga shule za umma karibu 50 kwa mkupuo, nyingi kwenye mitaa yao. Mzazi afanye nini? Wengine wamehamia vitongoji vya nje, wengine Indiana, wengine wamerudi Kusini kule kule, Atlanta na Texas.

BARAKA: Na Walatino, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, sasa wamewapita kwa idadi.

REHEMA: Ndiyo, ni kama asilimia 30 ya wakazi. Wamexico nao walikuja zamani kufuata kazi za reli na chuma hicho hicho.

BARAKA: Ajira za leo ziko wapi?

REHEMA: Maofisi ya katikati ya mji, hospitali, uwanja wa ndege wa O'Hare, ambao uko kaskazini-magharibi kabisa. Sasa tazama ramani: treni ya Red Line upande wa kusini inaishia Mtaa wa 95, tangu 1969. Mtu wa Altgeld Gardens, makazi ya Weusi, yuko kusini zaidi ya hapo. Anapanda basi kwanza ndipo aipate treni. Mtu huyo asiambiwe hataki kazi.