Panga Biashara Yako ya Opsheni za Hisa Kabla Hujabonyeza "Nunua"

Haya wadau, karibuni tena. Leo chati hatufungui kwanza, leo tunakaa na daftari na kalamu, au eksel kama we ni mtu wa kompyuta, tunaandika mpango wa biashara ya opsheni za hisa, biashara ya mtu mmoja, mtaji wako mwenyewe. Kila siku napata meseji "kaka ninunue koli gani leo", na mi nikirudisha swali, umepanga kupoteza shilingi ngapi ikigoma, mtu anakaa kimya. Hilo swali ndo video nzima ya leo.

Kwa mgeni nipite haraka haraka. Opsheni ni mkataba. Koli inampa mnunuzi haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa, hiyo bei tunaiita straiki, kabla mkataba haujaekspaya, yaani haujaisha muda wake, na puti inampa haki ya kuuza. Ni haki, sio lazima. Mwenye lazima ni yule aliyekuuzia, na kwa kuibeba hiyo lazima anachukua hela yako inayoitwa premiamu. Soko la Marekani, ambalo ndo tunaliongelea leo, mkataba mmoja kwa kawaida unabeba hisa 100, kwahiyo ukiona bei imeandikwa 1.40 hiyo sio dola moja na senti arobaini, hiyo ni dola 140 inatoka kwenye akaunti yako. Soko rasmi la hivi vitu lilifunguliwa Chicago tarehe 26 Aprili 1973, likaanza na koli za kampuni 16 tu, puti zikaja 1977. Leo orodha ni ndefu mno, kazi sio kupata cha kununua, kazi ni kukataa.

Sasa chukua kalamu. Hatua ya kwanza, andika juu kabisa ya ukurasa kiasi cha mtaji. Sio kiasi unachotamani, kiasi ulichonacho ambacho kikiisha chote mwezi huu kodi ya nyumba inalipwa, ada inalipwa, chakula kipo mezani. Hela ya mkopo haiingii hapa, hela ya kikundi haiingii, hela ya mama ya matibabu haiingii. Nalisema hili kwa uchungu kwasababu nimeona watu wazima wakilia. Tuchukue mfano wa dola 5,000 ili tuwe na namba ya kufanyia kazi, we weka ya kwako.

Hatua ya pili ndo moyo wa mpango na hapa tutakaa. Chini ya mtaji andika: trade moja naruhusu ipoteze kiasi gani. Mi natumia asilimia 2. Ya 5,000 ni dola 100. Watu wananiambia ndogo hiyo, utatajirika lini, sawa, tupige hesabu pamoja hapa kwenye skrini. Umepigwa mara kumi mfululizo, na ukikaa kwenye hii kazi muda mrefu hiyo siku itakufikia. Ukiwa unahatarisha asilimia 10 ya kilichobaki kila mara, baada ya hizo kumi umebaki na kama 1,743. Ukiwa unahatarisha 2, umebaki na kama 4,085. Huyu wa 4,085 anahitaji kupanda kama asilimia 22 arudi alipokuwa, inauma ila inawezekana, yule mwingine anahitaji karibu asilimia 187, na mtu anayetafuta asilimia 187 haendi tena na akili, anaenda na hasira.

Kwahiyo ile koli ya dola 140, kwa mtaji wa 5,000, haiingii. Najua utaniambia "lakini nitatoka ikifika nusu, ntapoteza 70 tu". Ndugu yangu, soko la Marekani linafungwa saa kumi jioni ya New York na linafunguliwa kesho yake saa tatu na nusu asubuhi, katikati hapo habari inatoka, hisa inafungua chini kabisa, na ile nusu yako inapitwa bila kuguswa. Mi nikinunua opsheni nahesabu premiamu yote kama imeshaondoka. Ikibaki kitu, nashukuru.

Njia ipo lakini. Tuseme hisa iko dola 50, koli ya straiki 52 ni 1.40. Unainunua hiyo, alafu kwa oda hiyo hiyo moja unauza koli ya straiki 55 ya tarehe ile ile, unapokea tuseme 0.55. Umetoa 0.85, yaani dola 85. Hii tunaita spredi. Hasara ya juu kabisa ni hiyo 85 na komisheni, faida ya juu kabisa ni tofauti ya straiki, dola 300, toa 85, inabaki 215. Umejifunga kwa juu, ndio, hisa ikiruka mpaka 70 we unabaki na 215 yako, ila sasa umeingia ndani ya namba uliyoandika mwenyewe. Na ukikosa kabisa kinachoingia kwenye 100, siku hiyo hutredi. Hilo nalo liandike.

Hatua ya tatu, chagua unauza bidhaa gani, kama mwenye duka anavyochagua. Mkakati mmoja tu kwa kuanzia. Kama una hisa 100 za kampuni unayoipenda unaweza kuuza koli juu yake na kukusanya premiamu. Kama una cash ya kutosha unaweza kuuza puti, ila hesabu vizuri, puti ya straiki 40 inataka dola 4,000 zikae pembeni zikisubiri, na kwa mtaji wetu hiyo ni karibu duka zima kwenye bidhaa moja. Kuuza koli bila kuwa na hisa, hapana, hasara yake haina dari kwasababu bei ya hisa haina dari. Mi mwanafunzi wangu yeyote akiniambia ameanza hiyo namwambia funga kwanza alafu tuongee.

Broka naye kabla ya kukuruhusu atakuuliza uzoefu wako, kipato chako, atakupa daraja, yaani mikakati gani unaruhusiwa. Jibu ukweli. Na kile kijitabu cha hatari cha OCC anachokutumia, wale ndo wanaosimama kati ya mnunuzi na muuzaji kwenye hii mikataba yote, usikiache kwenye email, kisome.

Hatua ya nne, hisa gani. Hapa sasa fungua ile orodha ya opsheni, tazama nami. Safu hii ni bei anayotaka kukupa mnunuzi, hii ya pili ni bei anayotaka muuzaji. Kampuni hii ya juu inasema 1.38 na 1.40. Pengo ni senti 2, dola 2 kwa mkataba. Shuka chini kampuni hii nyingine, 1.30 na 1.50. Pengo dola 20! Ukinunua kwa 1.50 na dakika hiyo hiyo ukabadilisha mawazo, unauza 1.30, umepoteza dola 20 na hisa haijasogea hata senti. Watu wanalia komisheni ya senti 65 kwa mkataba alafu wanatoa 20 kwenye pengo bila kuhisi. Kwahiyo kwenye mpango andika majina matano mpaka kumi tu, yenye pengo dogo na yenye watu wengi wanaonunua na kuuza kila siku, na karibu na majina hayo andika kwa herufi kubwa ODA YA LIMITI TU, yaani oda ambayo bei unaitaja we mwenyewe. Oda ya soko, ile inayochukua bei yoyote iliyopo, kwenye opsheni ni kumpa mtu asiyekujua pochi yako achague mwenyewe.

Hatua ya tano, sheria za kuingia na kutoka, na muda. Muda ndo watu hawauelewi. Chukua koli ambayo straiki yake iko sawa sawa na bei ya hisa, imebaki siku 60, bei 2.00. Hisa isiposogea na mtikisiko wa soko usipobadilika, siku 30 zikipita haitakuwa 1.00, itakuwa kama 1.41. Zikibaki 15 ndo inafika 1.00. Zikibaki 7 ni kama 0.68. Umeona? Siku 45 za mwanzo zimekula nusu, na siku 15 za mwisho zinakula nusu iliyobaki, kama barafu juani, inavyozidi kuwa ndogo ndo inavyokwisha haraka. Mi ninaponunua nachukua siku 45 mpaka 60 na natoka zikibaki 21, iwe faida iwe hasara. We unaweza kuchagua namba nyingine, sina ugomvi, ila iwe imeandikwa kabla hujaingia, kwasababu ukishaingia utaanza kuomba dua badala ya kufikiri.

Hatua ya sita, kalenda. Kila jina kwenye orodha yako liwekee tarehe ya ripoti ya mapato. Hili limeniuma mwenyewe. Nilinunua koli straiki 82, hisa ikiwa 80, siku moja kabla ya ripoti, nikalipa 3.20. Ripoti ikatoka nzuri, asubuhi hisa iko 82, nikafungua akaunti nikitabasamu, koli yangu iko 1.90. Hisa imepanda dola 2 na mi nimepoteza dola 130! Nilidhani programu imeharibika, nikaifunga nikafungua tena, 1.90. Ilivyo ni kwamba kabla ya ripoti kila mtu anaogopa na kutamani, premiamu inavimba, ripoti ikishatoka woga umekwisha, hewa inatoka hapo hapo. Toka siku hiyo sheria yangu ni sinunui opsheni inayolala usiku wa ripoti.

Kwenye kalenda hiyo hiyo weka Ijumaa ya tatu ya kila mwezi, ndo mikataba ya kawaida ya mwezi inaekspaya, na siku za gawio. Kama umeuza koli, mnunuzi wa opsheni za hisa anaweza kudai haki yake siku yoyote, na wengi wanadai siku moja kabla hisa haijaanza kuuzwa bila gawio. Na Ijumaa yenyewe, koli yako ya 52 ikifungia na hisa iko 52.01, senti moja tu, inatekelezwa yenyewe usipotoa maelekezo, umenunua hisa 100 kwa dola 5,200 na akaunti ina 5,000. Broka anaweza kukufungia mapema kwa bei yake yeye. Andika: Alhamisi jioni hakuna mkataba unaoekspaya kesho uliobaki wazi.

Kodi na gharama nipite tu, kila nchi na sheria zake, muulize mhasibu wa unapoishi, ila kazi yako ni moja, kila mwezi pakua taarifa ya akaunti na uihifadhi mahali pawili, usisubiri mwisho wa mwaka.

Hatua ya saba, daftari la trade. Nakuonyesha ukurasa wangu, safu ziko hivi: tarehe, jina, nimenunua nini, kwa bei gani, hasara ya juu, sababu kwa sentensi moja, natoka lini na kwa bei gani, alafu ile safu ya mwisho, je nilifuata nilichoandika, ndio au hapana. Hiyo ya mwisho ina thamani kuliko ya faida. Baada ya trade kumi jumlisha. Tuseme umeshinda 4 kwa wastani wa 150, hiyo 600, umepigwa 6 kwa wastani wa 70, hiyo 420. Umebaki na 180, toa komisheni ya kuingia na kutoka, kama 13 kwa trade zote kumi za mkataba mmoja mmoja, inabaki 167. Umekosea mara nyingi kuliko ulivyopatia na duka lina faida. Ila angalia zile sita, moja tu ingekuwa hukutoka ukaiacha ifike 300, biashara nzima iko hasi.

Anza na demo, akaunti ya majaribio isiyo na hela ya kweli, miezi miwili mitatu, na humo usijidanganye, demo nyingi zinakupa bei ya katikati ya pengo ambayo kwenye soko la kweli hupewi kirahisi, kwahiyo ukinunua andika bei ya muuzaji, ukiuza andika bei ya mnunuzi. Ukifikisha trade 20 zenye "ndio" kwenye safu ya mwisho, hata kama hela ni ndogo, ingia na mkataba mmoja wa kweli. Mmoja.

Simamisha video hapa, andika mtaji wako na asilimia yako, alafu nipigie picha hiyo namba kwenye komenti bila jina la broka wala namba ya akaunti. Wiki ijayo tunachukua tatu nne kati ya hizo tunaanza kuzijazia majina ya hisa.