Herufi Mbili Juu ya Tumbawe

Ndugu zangu, muda tuliopewa ni mfupi, kwa hiyo ya mwanzo nitayapita mbio. Asahi Shimbun, yaani gazeti la jua la asubuhi, lilizaliwa Osaka, Japani, mwaka 1879. Mwaka 1918, wakati wa ghasia za mchele, lilichapa msemo wa kale wa Kichina, "upinde wa mvua mweupe umelitoboa jua". Msemo huo huashiria uasi dhidi ya mfalme, basi serikali ikaona ni uchochezi. Mkuu wa gazeti, Murayama Ryohei, akapigwa na watu wa siasa kali, kisha akajiuzulu. Vita vilipokuja, likalishangilia jeshi kama wenzake.

Sasa tutulie kidogo. Aprili 1989 lilitoa picha ya tumbawe kubwa baharini Iriomote, Okinawa, limechorwa herufi K.Y. Maelezo yakafoka: huyu K.Y. ni nani, asiye na haya? Wazamiaji wa pale wakashangaa, maana tumbawe lao walilijua, na halikuwa na alama ile. Kumbe mchoraji ni mpigapicha mwenyewe! Haukupita muda mrefu, gazeti likaomba radhi, na rais wa kampuni akaondoka.

Hiyo ilikuwa ya haraka. Nyingine ilichukua miaka 32.

Mwaka 1982 walimwandika Yoshida Seiji, aliyedai kuwa wakati wa vita aliwakamata kwa nguvu wanawake wa kisiwa cha Jeju, Korea, wakatumikishwe kingono na wanajeshi. Mwaka 1992 mwanahistoria Hata Ikuhiko alikwenda Jeju, asipate wa kuyathibitisha. Mwaka 1997 gazeti likakiri kwamba nalo limeshindwa kuthibitisha, ila habari halikuzifuta. Zilifutwa Agosti 2014, na hata hapo safu ya mwanahabari Ikegami Akira iliyosema gazeti liombe radhi ikazuiwa kwanza! Radhi ilikuja Septemba, pamoja na kufutwa habari nyingine ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, iliyomhusu Yoshida mwingine kabisa, mkuu wa kituo kile.

Wanaokana mateso ya wanawake wale walisherehekea. Lakini Kim Hak-sun alijitokeza mwaka 1991 akasimulia yaliyompata mwenyewe, hakumhitaji Yoshida.

Najua baadhi yenu mnacheka. Basi sikilizeni na hili. Mei 3, 1987, mtu aliyejifunika uso aliingia ofisi ya gazeti hili Nishinomiya na bunduki, akamuua mwandishi wa miaka 29, akamjeruhi mwenzake. Hakukamatwa mtu. Muda wa kumshtaki muuaji uliisha mwaka 2002.