Kuku Anatafuta Meno

Assalaam alaykum. Kabla hatujamfika kuku, naomba mtazame hapa mezani: vijiwe viwili na nusu ya ndimu. Hiki cha pwani nakikamulia… mnaona povu? Cha pili kimetulia kama hakijaguswa. Kinachotoa povu ni chokaa, na pwani zetu za Unguja na Pemba zimejaa chokaa hiyo: matumbawe ya kale na makombe yaliyosagika.

Kuku hana meno. Chakula hukaa kwanza kwenye gole, kile kifuko cha chini ya shingo, hupita tumbo dogo lenye asidi, kisha husagwa ndani ya firigisi kwa mawe aliyoyameza. Jiwe la chokaa halidumu humo. Kuku aliyefungiwa bandani bila mawe magumu huokota kigumu chochote, na king'aacho zaidi: shanga, kifungo, msumari wa bati. Sisi tunamwita mlafi.

Ushanga mmoja wa gilasi usiwatoe roho, mara nyingi hufanya kazi ya jiwe. Sindano ni jambo jingine. Misuli ile ile inayoponda mahindi ndiyo inayoisukuma mpaka itoboe ukuta. Mnaosafisha firigisi jikoni mnakijua kile kigozi cha manjano; kinahimili mchanga, hakihimili ncha.

Chubwi ya mvuvi, ile ya kuzamishia mshipi wa kuvulia, haichomi, lakini ni madini ya risasi. Firigisi huisaga kidogo kidogo, asidi huiyeyusha, ikaingia damuni na kwenye mayai mnayokula. Msumari wa bati nao umepakwa zinki, na zinki ikizidi ni sumu. Kuku aliyedhurika hukonda, miguu hulegea, mbawa huanguka, kinyesi huwa kijani. Kijani peke yake si ushahidi. Hata ugonjwa wa kideri hukitoa.

Mpapase asubuhi kabla hajala, chini ya shingo, kuliani kwake. Gole liwe limenywea, maana usiku chakula hushuka. Likiwa gumu au limejaa, kuna kilichokwama. Kisha mfungue mdomo, umuinue ulimi: uzi au mshipi hupenda kujizungusha kwenye shina lake. Ukiuona, usiuvute, huenda mwisho wake pana ndoana. Usiukate pia; daktari wa mifugo ataufuata uzi huo huo.

Na mafuta ya nazi ya kumteremshia kilichokwama, jamani, yabaki jikoni. Tundu la pumzi la kuku liko nyuma tu ya ulimi, ukimmiminia yanaingia mapafuni. Kumning'iniza kichwa chini ni hatari hiyo hiyo. Kama ni sumu ya madini, dawa ipo, lakini ni ya sindano na anaitoa daktari.

Fundi akimaliza kuezeka, parua mchanga wa banda, kisha buruta sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kamba: kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Misumari itaganda. Risasi na shaba hazishikwi na sumaku, kwa hiyo chubwi zitafutwe kwa macho, hasa anapokaa mtu kutengeneza mishipi yake.

Vijiwe vya kumpa ni vile visivyotoa povu kwa ndimu. Mkubwa apewe vya ukubwa wa choroko, kifaranga vya ukubwa wa chenga za mchele. Weka kwenye kifuu chake, mbali na chakula, ale apendapo. Makombe yaliyopondwa endeleeni kuwapa wanaotaga, ni ya ganda la yai, ila yakae kifuu kingine.