Nionyeshe Filta ya Zamani

Mhadhara kwa wenye magari, ukumbi wa mtaa, Buruburu, Nairobi

Mwenyekiti, asante. Wazee, akina mama, vijana, habari za mchana. Naona wengine mmeshanisikia nikiyasema haya, na yule bwana wa nyuma ameanza kutabasamu kabla sijafika popote. Tabasamu tu. Nitaacha kuyasema siku utakayoniambia filta ya oili iliyo kwenye gari lako sasa hivi iliingia lini.

Sitawaeleza oili ni nini. Mna magari, mnajua. Nataka kuwaeleza kwa nini, kati ya kazi zote za gari, hii ya kubadilisha oili ya injini na filta, yaani chujio lake, ndiyo mwenye gari anapaswa kuifanya kwa mikono yake mwenyewe. Watu hudhani nitasema ni pesa. Si pesa. Fundi wa mtaani hakutozi ada ya kukufilisi. Kilicho ghali ni oili yenyewe, na bei yake haishuki kwa sababu umelala chini ya gari wewe badala yake. Shida ni kwamba kazi hii ikishafanywa haikaguliki. Ukiwekewa tairi mpya, unaiona. Breki zikikosewa, utajua kabla hujavuka lango. Lakini oili? Unavuta kijiti cha kupimia, unaona rangi ya asali, unalipa, unaondoka. Filta iko huko chini, hujawahi kuiona, na huenda usiione mpaka siku unayouza gari.

Jirani yangu mmoja alinunua Toyota Fielder kutoka Japani. Aliitunza, nampa haki yake. Kila baada ya miezi michache aliipeleka gereji moja, ambayo siitaji, na kila risiti iliandikwa: oili, filta, kazi. Siku moja akaja kwangu akilalamika kwamba asubuhi akiwasha, injini inagonga sekunde mbili tatu halafu inanyamaza. Nikamwambia lete karai, tuanze na oili. Tukainua gari, nikaingia chini. Filta ilikuwa inang'aa, maana ilikuwa imefutwa kwa kitambaa cha petroli. Lakini upande wa ndani, unaotazama injini, pale kitambaa hakifiki, palikuwa na ganda la vumbi na oili iliyokauka. Nikalikwangua kwa bisibisi. Chini yake kulikuwa na maandishi ya Kijapani.

Ngoja, najua mtakachosema. Hata filta mpya zinazouzwa Kirinyaga Road zina maandishi ya Kijapani. Kweli. Ndiyo maana nikatoka chini nikafungua mlango wa dereva. Kwenye fremu kulikuwa na kile kibandiko ambacho mafundi wa Japani hubandika wakimaliza kubadilisha oili, kinachoonyesha tarehe na kilomita. Nikarudi chini na tochi. Kwenye filta, kwa kalamu ya wino mzito, fundi wa huko alikuwa ameandika kilomita zile zile, tarakimu kwa tarakimu.

Filta hiyo ilipanda meli pamoja na gari, wazee! Ikashuka Mombasa, ikaja Nairobi, na hapa Nairobi mwenye gari akauziwa hiyo hiyo kama mpya, kila safari ya gereji.

Sasa, mzee mmoja aliniuliza mwaka jana: kama filta ilikuwa imekufa, mbona injini haikufa? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalomlinda mdanganyifu. Ndani ya filta nyingi kuna vali ndogo yenye springi. Karatasi ya kuchujia ikijaa uchafu hadi oili ishindwe kupita, vali inafunguka na oili inapita pembeni bila kuchujwa. Waliounda injini waliona ni heri ipate oili chafu kuliko ikose oili kabisa, na mimi nakubaliana nao. Lakini matokeo yake ni kwamba filta iliyoziba haipigi kelele. Taa haiwaki. Gari linakwenda kazini na kurudi, na vumbi la chuma linazunguka kwenye beringi. Ile sauti ya asubuhi ilitokana na kitu kingine humo humo: mpira unaozuia oili isirudi usiku kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ukizeeka unakuwa mgumu, oili yote inashuka, na asubuhi injini inaanza kuzunguka ikiwa kavu. Tulipoweka filta mpya, kule kugonga kukaisha.

Kuna fundi hapa ndani, naona ananitazama vibaya. Ndugu yangu, mimi ugali wangu umetoka gereji. Sisemi mafundi ni wezi. Nasema kazi isiyoonekana humjaribu hata mtu mwema, hasa saa kumi na mbili jioni wakati duka la spea limefungwa na mwenye gari anapiga honi.

Haya, kazi yenyewe. Nachukua mfano wa injini ya 1NZ, ile ya Vitz, Probox na Fielder, kwa kuwa nikiangalia pale nje ndizo zimejaa. Inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo mkebe wa lita 4 unakutosha na unabaki na akiba. Washa injini dakika tano, oili ipate joto vuguvugu, si moto wa kukuunguza. Egesha mahali tambarare, handibreki juu, mawe nyuma ya magurudumu. Inua kwa jeki, halafu weka stendi. Narudia: stendi! Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Asiye na stendi asubiri mpaka anunue.

Bolti ya sampu inafunguliwa kwa spana namba 14. Ifungue, oili ianguke kwenye karai, iache imwagike yote. Wakati wa kurudisha, weka wosha mpya na ukaze kwa spana fupi, kwa nguvu ya mkono. Siyo kwa kukanyaga. Nimeona sampu zilizokatika uzi kwa sababu mtu alitaka kuonyesha ubavu.

Kisha filta. Ukiitoa, iangalie kwenye mdomo. Je, ile pete ya mpira imetoka nayo? Mara nyingine inabaki imeng'ang'ania kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu ya pete ya zamani, zinakuwa pete mbili, na ukiwasha, oili yote itakuwa kwenye simiti ndani ya dakika chache. Pitisha kidole. Paka oili mpya kwenye pete mpya, funga kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Sasa chukua kalamu ya wino mzito uandike tarehe na kilomita kwenye filta, kama yule Mjapani. Mimina lita tatu na nusu, washa, hakikisha ile taa nyekundu ya oili imezima, chungulia chini kama kuna tone. Zima, subiri kidogo, pima, ongeza.

Mama yule ameinua mkono. Najua ni la nyumba ya kupanga. Unaishi ghorofa ya nne, na keateka hataki kuona tone la oili kwenye parking. Sikulazimishi kugombana na keateka. Nenda kwa fundi wako, lakini nunua filta mwenyewe, simama hapo hapo, na ile ya zamani ikitoka uiombe. Mkononi, ndani ya mfuko. Fundi mwaminifu atakupa bila neno.

Uzito wa oili, kwa kifupi, maana hili huleta kelele. Tazama kifuniko cha oili au kitabu cha gari. Kikisema 5W-30, usiweke 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, kwa sababu umeambiwa "gari limezeeka na Nairobi kuna joto". Joto lipi? Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai mnavaa majaketi humu ndani. Nairobi si Lodwar. Injini za VVT-i, yaani za Toyota zinazobadilisha zenyewe wakati wa vali kufunguka, hutumia presha ya oili kupitia matundu madogo sana, na ile nzito inachelewa kufika wakati wa kuwasha, wakati ambao injini inaihitaji zaidi. Na kwa foleni zetu za Jogoo Road, injini inanguruma saa nzima bila kilomita kuongezeka, kwa hiyo kwangu mimi ni kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia.

Mkebe ukiisha, utoboe. Kuna watu wananunua mikebe mitupu, na hawanunui ili waweke maua, wananunua wajaze oili bandia.

Oili chafu, mwenyekiti ananionyesha saa, oili chafu usimwage kwenye mtaro. Mitaro yetu inaishia mtoni. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema oili ya badiliko moja tu inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi. Irudishe kwenye mtungi, uipeleke kwa anayekusanya kwa leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya hapa Kenya. Na wale mnaopaka nguzo za ua dhidi ya mchwa, nguzo zilizo karibu na sukuma wiki msizipake. Tutazungumza siku nyingine.

La mwisho kabla sijakatwa. Gari la otomatiki lina bolti ya oili ya gia pia, karibu na ile ya injini. Kuna watu wamefungua hiyo, wakamwaga oili ya gia, kisha wakaijaza injini mara mbili. Ikitoka nyekundu au ya kijani, rudisha bolti, usiwashe gari, nenda umwite fundi. Haya, maswali, na bwana wa nyuma aanze.