Aliyekatazwa Viatu: Kwa Nini Watu Hununua Vitu vya Fahari

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Nianze na makaburi. Mliowahi kufika kwenye magofu ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, mmeziona nguzo za mawe ya matumbawe zilizosimamishwa juu ya makaburi. Bakuli na sahani za kaure kutoka China zilijengewa humo kwa chokaa. Nyingine zimeshang'olewa, yamebaki matundu. Vyombo hivyo vilivuka bahari, vikapita mikono ya wafanyabiashara wengi, kisha vikagandishwa mahali ambapo hakuna atakayepakuliwa wali tena. Hasara ile ilikusudiwa. Bakuli la mchuzi hutangaza kwamba nyumba ina chakula. La kaburini hutangaza kwamba ukoo una mali hata ya kuiacha.

Mwaka 1899 Mmarekani Thorstein Veblen aliieleza tabia hii: mtu hutumia fedha hadharani ili wengine waone kwamba anazo, na walio chini huwaiga walio juu. La kwanza nalikubali. Hapo kwenye kuiga ndipo ninapoachana naye, na ushahidi wangu uko Zanzibar.

Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Kabla ya hapo, vazi lilikuwa linamtaja mtu kabla hajafungua kinywa. Mtumwa alitembea peku, kichwa wazi. Alijifunga merikani, ile pamba ngumu isiyopaushwa ambayo kwa miaka mingi ililetwa na meli za Salem, Massachusetts; wanawake walivaa pia kaniki. Kilemba, joho, viatu na mwavuli vilikuwa vya waungwana. Ukimwona mtu kwa mbali, ulishajua nani atamwamkia mwenzake kwanza.

Sasa fikirini mtu huyo ameachiwa huru, anachuma karafuu kwa ujira mdogo. Ananunua nini? Wanaume walinunua kofia, kanzu na viatu. Wanawake walinunua kanga, iliyokuwa imeshaanza kuenea pwani. Naomba tuitazame kanga kwa makini. Huuzwa doti, vipande viwili: kimoja cha kujifunga, kimoja cha kujitanda. Kile cha pili ndicho kinachofunika kichwa, yaani kinafanya lile hasa ambalo mwanamke huyo na mama yake walikatazwa utumwani. Mtu akisema mwanamke yule alikuwa anapenda makuu, anawaiga tu walio juu, mimi namjibu kwamba alikuwa anajitoa utumwani mara ya pili, safari hii kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu karatasi ya Sultani haikuonekana barabarani na kanga ilionekana.

Baada ya hapo mashindano hayakukoma. Rangi na michoro ya kanga ilibadilika upesi, na nakshi iliyopitwa na wakati ilimlalia mwenye duka. Kwenye ngoma za lelemama, Mombasa na Zanzibar, vikundi vya wanawake vilishindana kwa mavazi na karamu hadi wengine wakaingia madeni. Alama ya heshima ina tabia hiyo: ikishakuwa ya kila mtu haitofautishi tena, na anayetaka kutofautishwa hutafuta nyingine, ya bei zaidi.

Nije kwa kijana wa leo anayekaa chumba kimoja cha kupanga, mkononi ana iPhone ya macho matatu aliyokopea kikoba. Tunamsema sana. Lakini nendeni mkasimame nusu saa kwenye geti la ofisi yoyote kubwa mjini. Aliyevaa ndala ataulizwa, "Unamtaka nani?" Mwenye gari atafunguliwa geti na saluti juu. Kijana anayaona hayo kila siku, na hesabu yake si ya kijinga: ananunua kusikilizwa. Gharama yake ni kubwa mno, hilo silifichi. Marejesho ya kikoba hayamsubiri, na nimeona ada ya mtoto ikicheleweshwa kwa ajili ya sare ya harusi ya jirani. Naumia kwa hilo kama mnavyoumia.

Ila yuko mnunuzi mwingine, ambaye hasemwi. Huyu anaheshimiwa tayari, anasikilizwa kila aendako, na bado anaongeza V8 ya tatu, saa ya tatu, harusi ya ukumbi wa tatu. Yeye ndiye anayepandisha bei ya heshima kwa wote walio chini yake. Kila akiongeza, yule wa ndala anahitaji kukopa zaidi ili abaki pale pale aliposimama jana. Kuwaita wote wawili "wapenda fahari" ni kuwaonea, kwa sababu mmoja anajaribu kuingia getini na mwingine ndiye anayelifanya geti kuwa refu.