Brussels hadi Lubumbashi: masaa ngapi kweli?

Bandugu wa Lushi, yaani Lubumbashi yetu, jambo yenu! Ba mama, ba papa, vijana wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Ruashi na Kamalondo, nawasalimia kutoka hapa Brussels. Swali moja halichoki kurudi kwenye video zangu: kutoka huku hadi Lubumbashi ni masaa ngapi? Leo tulimalize.

Ukipiga mstari mnyoofu ni kilomita kama 7,300. Ndege kubwa ikiwa juu inakimbia kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Mtu anagawanya, anapata masaa 8 na nusu, anapigia dada yake simu: "Jioni niko nyumbani, pikeni bukari." Hapana! Hiyo ni safari ya mwewe, si ya abiria.

Wengi wetu tunapitia Addis Ababa. Brussels–Addis ni kilomita 5,600 hivi, masaa 7 na kitu. Addis–Lushi ni 2,600, karibu masaa 4. Jumla 8,200. Zile kilomita 900 za kuzunguka si neno. Kinachokula muda ni kungojea ndege ya pili.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mama mdogo wangu wa Katuba anakuja kumuona mjukuu, ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Alinitumia picha ya tikiti kwa WhatsApp, kidole gumba kimefunika nusu ya karatasi. Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lushi, 14:00, kufika Addis 18:50. Akaniuliza, "Mwanangu, karibu masaa 5 hewani?" Nikamwambia hapana mama, ni masaa 3 na dakika 50. Tikiti inaandika saa ya kila mji, na Addis iko mbele ya Lushi kwa saa moja.

Hatari iko pale pale Addis. Saa yake ya mkononi bado ni ya Lushi. Ndege ya pili ikiandikwa 23:00, mkononi mwake itaondoka 22:00. Mama amekaa kwenye kiti, anaomba rozari, anaona bado ana saa nzima, kumbe mlango unafungwa. Naomba sana: mzazi akishuka Addis, jambo la kwanza asogeze saa. Au mumwandikie kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, akiweke pamoja na pasipoti na kadi ya njano ya chanjo.

Hata ndani ya Kongo yetu ni vile vile. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Unatoka Kin 10:00, unafika Luano 13:20. Unarudi 14:00, unafika 15:20. Ndege ni ile ile, kilomita 1,550 zile zile, masaa 2 na dakika 20 kwenda na kurudi.

Na Brussels? Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa zetu ni sawa kabisa na za Lushi. Ikiingia baridi, sisi tunabaki nyuma saa moja. Ndiyo maana kuna simu zenu zinatukuta bado kitandani.

Ndugu wa Likasi na Kolwezi, kwenu kuna barabara ya kuongeza. Kolwezi ni karibu kilomita 300 kutoka Lushi. Mgeni wenu akitua jioni, mtafutieni pa kulala mjini, aondoke asubuhi.